Jembe la Bwawa

"Chuma hakifi, hubadili jina."

Bibi Namkunda alimwambia hivyo mjukuu wake Nanzia, aliyekuwa akielekea shimo la taka na karai kuukuu lililotoboka kitako. Vijana walikuwa uani wakikata pipa la mafuta kwa nyundo na tindo, wapate mabati ya kutengenezea majiko ya mkaa. Waliacha kugonga.

"Nani aliyesema hivyo kwanza, Bibi?" aliuliza Nanzia, karai mkono mmoja, tindo alilokuwa akikatia pipa mkono wa pili.

Bibi alivuta kigoda, akaketi. "Weka hilo karai chini. Methali hiyo ilizaliwa papa hapa Mbaru, na ilizaliwa hivi."

Zamani, kabla Mbaru haijaona duka, chuma kilikuwa adimu. Nyumba ilikuwa na jembe, shoka, na kisu ambacho mume na mke walikigombania. Tena kila kifaa kilikuwa na jina la mtu. Mhunzi alipomaliza kukifua alikizamisha majini kikiwa chekundu, na kabla mvuke haujatulia alitaja kwa sauti jina la mwenyewe. Kikawa chake maisha yake yote. Alipokufa, jembe lake liling'olewa mpini na kulazwa juu ya kaburi, na hapo halikuguswa tena. Wazee walisema kulima kwa jembe la marehemu ni kumtumikisha maiti.

Palikuwa na mwanamke kijana aitwaye Nakijwa. Mama yake alikuwa mwangalizi wa bwawa lililokuwa juu ya kijiji, lile lililogawia mashamba maji ya kijito. Mwaka mmoja ukuta wa bwawa ulibomoka. Maji yote yakateremka bondeni, na maharage yakakauka yangali katika maua. Njaa ikaingia. Mama yake Nakijwa alizoea kula wa mwisho, baada ya watu wote kushiba, na njaa ile haikuwashibisha watu. Alikufa kabla haijaisha.

Sasa mawingu yalikuwa yamerudi juu ya milima. Ukuta usipojengwa kabla ya mvua, njaa ingerudi pia, na Nakijwa alikuwa ananyonyesha mtoto wa kike ambaye kila siku alilia upesi zaidi baada ya kutolewa titini.

Kijiji kizima kilitoka kuchimba udongo wa mfinyanzi. Lakini majembe yalikuwa yamelika hadi yakafanana na miko.

"Hili langu nitakorogea uji," alitania mmoja.

"Uji upi?" aliuliza mwenzake, na wote wakacheka kicheko kikavu.

Siku hiyohiyo jembe la Nakijwa lilikatika shingo. Wachuuzi wa chuma hawakuwa wamepita Mbaru tangu njaa ianze, maana mchuuzi hana haja na kijiji kisicho na cha kubadilishana. Nakijwa alisimama na mpini mtupu mkononi. Kisha aliutupa, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la mama yake.

Jembe lilikuwa pale, pana, kutu imelishika juujuu tu. Alipiga magoti, akalifunga ndani ya kaniki yake, akashuka nalo kwa Semboja mhunzi.

Mlangoni mwa kiwanda cha Semboja alikutana na mjomba wake, Kalinga. Huyu alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yake, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa makaburi ya ukoo.

"Mpwa wangu, umebeba nini?"

"Jembe la mama."

"Lirudishe."

"Mjomba, ukuta wa bwawa..."

"Lirudishe, nimesema! Dada yangu amelima tangu utoto wake. Hata kufa hakujampumzisha?"

Watu waliokuwa karibu walisogea. Mjane mmoja mwenye ulimi mkali, jina lake Nambua, aligonga viganja. "Njaa imempanda kichwani huyu! Leo jembe, kesho atafukua sanda."

Nakijwa alilikumbatia jembe. Alitamani kugeuka arudi. Lakini uzito wa lile jembe kifuani ulimkumbusha asubuhi za utotoni, mama yake akinyoosha mkono nyuma ya mlango kulichukua kabla ya kwenda shamba.

"Mjomba," alisema, "mama alikuwa akiliitaje jembe hili?"

"Swali gani hilo?"

"Kila asubuhi alilisalimu. Wewe ulikuwa ukimcheka."

Kalinga alikunja uso, kisha uso ukalegea. "Umeamkaje, shoka la baba," alisema, na sauti ikamtoka kama ya dada yake.

"Mbona shoka?"

"Kwa sababu lilikuwa shoka. Shoka la baba yetu. Lilivunjika karibu na harusi ya mama yako, na baba hakuwa na chuma kingine cha kumpa bintiye. Akalileta hapa hapa, wakati wa baba yake Semboja. Mimi ndiye niliyevuta mivukuto ya kupulizia moto."

"Na jina la babu lilikwenda wapi?"

Kalinga aligeukia ndani ya kiwanda. Akautazama moto wa mhunzi.

"Jina lilitoka," alisema hatimaye. "Nililiona lile shoka kwa macho yangu likiwa jekundu juu ya fuawe, pale chuma kinapogongwa. Halikuwa shoka wala jembe. Halikuwa la baba, halikuwa la dada. Lilikuwa chuma tu."

"Basi mimi sitaki kulima kwa jembe la mama, Mjomba. Nataka lirudi kuwa chuma."

Kalinga alinyoosha mikono, akalipokea. Watu wakadhani analirudisha kaburini. Yeye aliinama, akaingia ndani, akampa Semboja. Kisha akaketi penye mivukuto, akalifunga shuka lake kiunoni, akaanza kuvuta.

Chuma kilikuwa chekundu, kisha cheupe. Semboja alikigonga, akakikunja, akakinyoosha, akakipa makali mapya. Alipokishika juu ya maji aliuliza, "Nimtaje nani?"

Nakijwa alifungua kinywa kutaja jina lake. Mjomba wake akamtangulia.

"Taja Bwawa."

Watu walitazamana. Jembe la bwawa! Bwawa halizikwi. Jembe lake lisingelazwa juu ya kaburi lolote, na yeyote mwenye mikono angelishika.

"Bwawa!" aliita Semboja, na maji yakachemka.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Nambua. Alirudi anahema, jembe la marehemu mumewe begani.

"Si ulisema sanda?" mtu alimchokoza.

"Sanda ibaki, yamfaa. Lakini hili hakuwahi kulichosha. Alikuwa mvivu, Mungu amrehemu. Tazameni, bado jipya!"

Kalinga akawatangulia watu makaburini, akibisha hodi kwa kila marehemu kwa jina lake kabla jembe halijainuliwa. Majumbani nako vikatoka visu vilivyovunjika, njuga za mbuzi zilizopasuka, ncha za mikuki. Moto wa Semboja haukuzimika mpaka ukuta ulipokamilika.

Mvua ilipokuja, kijiji kilipanda mlimani kutazama. Maji yalijaa mpaka kwenye ukingo. Ukuta ukashika.

Maharage ya kwanza Nakijwa aliyaweka juu ya kaburi la mama yake, pale pale lilipokuwa limelala jembe, mtoto wake akiwa mgongoni, amelala baada ya kushiba. Kalinga alisimama kando yake.

"Umeamkaje, dada," alisema. "Shoka la baba limeamka salama. Chuma hakifi, hubadili jina."

Hapo Bibi Namkunda alimaliza hadithi yake.

"Na lile jembe la bwawa liko wapi sasa?" aliuliza Nanzia.

"Lililika, likafuliwa mundu. Mundu ulipokatika, mume wangu, mjukuu wa Nakijwa, aliupeleka kwa wahunzi ukafuliwa tena." Bibi alinyoosha kidole. "Ndilo hilo tindo ulilolishika, mjukuu wangu."

Nanzia alilitazama tindo mkononi mwake kama aliyeamkiwa na mtu. Kisha aliinama, akalipindua karai, akachagua mahali kando ya lile tundu la zamani, akaweka ncha ya tindo.

"Matundu mengine machache tu," aliwaambia wenzake, "na karai hili litashika mkaa na kupitisha majivu. Tangu leo linaitwa tumbo la jiko."

Akainua nyundo. "Chuma hakifi," alisema, na uani mzima ukamjibu, "hubadili jina!"