Majemadari Watatu na Mtama wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kumfukuza mfalme Simba na kusimamisha jamhuri yao, ulivuma uvumi kwamba Simba anarejea. Twiga, aliyekuwa rais, akaamuru jeshi liundwe upesi na lipige kambi katika bonde la Pimbi.

Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, alikuwa na shamba la mtama bondeni humo. Mtama ulianza kuiva, na wanawe walikuwa na njaa.

"Mheshimiwa Rais," alisema, "jeshi likilala kule, wanangu watakula nini?"

"Watakula uhuru," alijibu Twiga. "Kaa kitako. Kwanza tuteue jemadari mkuu."

Lo! Baraza likachafuka.

"Ni mimi!" alifoka Nyati, akipiga kwato ndi! ndi! "Nilimchoma Simba kwa pembe hizi!"

"Akiwa usingizini," alisema Kifaru. "Mimi nilivunja lango la ikulu."

"Lango lilikuwa wazi, ndugu yangu," alisema Kiboko. "Mimi nilikuwa ndani, nakungoja."

Twiga akainua shingo hadi mawinguni, asisikie. Pimbi akaona pa kupenyea.

"Mheshimiwa, wateue wote watatu, cheo kimoja. Ila iwepo sheria: jemadari mkuu hatembei nyuma ya mtu."

"Sheria njema!" waliitikia watatu wale kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea.

Jeshi likaondoka kwa vishindo, likafika kwenye mlango wa bonde. Mlango wenyewe ulikuwa ufa kati ya majabali, upana wake Kifaru mmoja, tena avute tumbo.

"Nipisheni," alisema Nyati.

"Nikupishe, niwe nyuma yako?" aliuliza Kifaru. "Na sheria?"

"Sogea, mzee wa vumbi!" alisema Kiboko.

"Sogea wewe, baba matope!"

Pu! Pu! Wakasukumana, wakakwama bega kwa bega. Nyuma yao askari wakakaa, wakala akiba waliyobeba, kisha wakarudi makwao mmoja mmoja.

Ndani ya bonde, Pimbi alikuwa akivuna. Ghala lilipojaa, alipanda jabali.

"Shikamooni, wakuu. Mmekwisha amua?"

"Bado!"

"Msijali. Sina haraka."

Na Simba je, wanangu? Hakuja. Naye kule alikokuwa, alikuwa angali akiteua majemadari.

Wagombeao mbeleni, hubakia mlangoni.