Kovu la Mihayo

Hapo zamani, picha zilipokuwa zikioshwa kwa dawa gizani, palikuwa na studio moja Tabora, karibu na stesheni. Mwenyewe aliitwa Chambuso. Chumba cha nyuma alikaa Tausi, mziba vidoa. Vumbi likiganda kwenye negativu, ile filamu inayotolewa picha, picha hutoka na kidoa cheupe. Tausi hukijaza rangi kwa ncha ya brashi, tone kwa tone. Alizijua nyuso za nusu ya mji, wala hakuna aliyeujua wake.

Akaja Bi Nyamizi, mjane asiye na mtoto. Mkononi ana negativu moja, ndiyo pekee iliyobaki ya mumewe, Mihayo.

"Mwanangu, nitolee picha. Doa sitaki hata moja."

"Ondoa shaka, mama," akajibu Chambuso.

Chambuso ana haraka zake. Hakupangusa vumbi. Akatoa picha moja, uso wa Mihayo kama umemwagiwa unga. Nyuma akaandika kwa penseli: Ziba vyote. Negativu imechakaa, akaichoma na takataka.

Tausi akaziba. Shavuni, akaziba. Kidevuni, akaziba. Juu ya jicho akakuta kidoa kirefu, hakifanani na vingine. Akasita. Kwa Chambuso ni hatua kumi tu, lakini alishazoea kutosemeshwa. Akasoma tena yale maandishi, akaziba.

Bi Nyamizi akaipokea picha, akapapasa juu ya jicho la mumewe.

"Kovu lake liko wapi?"

"Mama, hukutaja kovu," akasema Chambuso. "Ulisema hutaki doa hata moja."

"Nilisita, sikatai," akasema Tausi, akitokea chumba cha nyuma. "Lakini bosi, uliandika vyote. Tena ungepangusa, kovu lingebaki peke yake, ningelitambua."

Bi Nyamizi akalia. "Ningelitajaje? Ni mkono wangu. Nilimrushia kikombe cha bati kwa wivu, ndoa ikiwa changa. Watu akawaambia ameanguka na baiskeli. Miaka thelathini hakunisuta hata siku moja. Lile kovu ndilo msamaha wangu."

Wakajaribu kuiosha. Rangi imeshazama.

Bi Nyamizi akaichukua hiyo hiyo, maana nyingine hakuna. Akaenda zake peke yake, kidole amekiweka juu ya jicho la mumewe, pale pale.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Mimi simpendi Chambuso, lakini kutompenda mtu si hukumu. Mmoja hakupangusa, mmoja hakuuliza, na aliyelitia kovu hakusema. Je, nani aliyemfuta Mihayo?