Maji Miguuni pa Mama

Ndugu zangu, kaeni vizuri, hii si ndefu. Makete mnaisikia kwa baridi yake. Mimi nimeilala ile baridi miezi minne, na niwaambie ukweli wa madhabahuni: ukimwita jirani alfajiri, jina lake linaganda njiani, linamfikia saa nne jua likishatoka.

Sasa huko palikuwa na mwanamume mmoja mwenye gari dogo, kuukuu, lakini lenye hita. Shule niliishia darasa la saba, ila hili la hita nitalieleza hata injinia aitikie. Nyuma ya dashibodi, juu ya miguu ya abiria wa mbele, kuna rejeta ndogo, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, watu ndani wanapata joto. Basi, mmeshakuwa mafundi.

Kila Jumapili mtu huyu alimpeleka mama yake kanisani. Mama mjane, miaka sabini na tisa, anakaa mbele na koti la marehemu mumewe. Wiki nzima aliishi kwa ajili ya siku hiyo moja, aketi benchi la tatu na wazee wenzake, waimbe, wachekane mapengo.

Jumapili moja, akimshusha mama, mwana akaona kapeti limelowa. Pale pale mama alipoweka miguu. Akainama, akanusa. Harufu tamu tamu, nzito. Akajisemea: mama amezeeka, amejikojolea, na kwa harufu hii ana sukari.

Msimcheke. Alimpenda mama yake, na kwa kumpenda huko akashindwa kumwuliza. Jumapili iliyofuata akatandika nailoni kwenye kiti. "Mama, kiti hiki kinachafua nguo," akasema. Mama akaitazama nailoni, akamtazama mwanawe, akaketi. Ikachakarisha njia nzima. Na kapeti likalowa tena.

Kioo cha mbele nacho kikaanza kujaa ukungu kwa ndani, ukungu wenye utelezi, ukiufuta unapakaa. Akasema ni pumzi zetu. Rejeta kubwa ya injini ikawa inapungua maji kila siku, na chini ya gari hakuna hata tone. Akaongeza, akafunga, akasema ni uzee wa gari. Wewe ungesemaje? Mimi niliyesukuma magari mengi kuliko niliyoyapanda ningesema hayo hayo.

Jumapili ya tatu akamkuta mama keshavaa koti, anasubiri mlangoni.

"Mama, leo baridi imezidi. Wewe pumzika, nitawasalimia wenzako."

"Wasalimie, baba," mama akasema, akarudi ndani na koti lake.

Ya nne hivyo hivyo. Ya tano mama hakuvaa koti.

Wiki hiyo hita ikaanza kupuliza baridi tupu, ndipo mtu wetu akaenda kwa fundi. Fundi mwenyewe mfupi, mdomo wake mrefu kuliko spana zake. Akafungua mlango wa abiria, akaingiza mkono chini.

"Kaka, hapa pamelowa."

"Achana na hapo, fundi. Hayo ni mambo ya nyumbani. Wewe tazama hita."

Fundi akasugua vidole vyake viwili, akavinyanyua kwenye mwanga. "Nyumbani kwenu nani anakojoa kijani?"

Mtu wetu hakucheka. "Ni mama yangu," akasema taratibu. "Ni mzee."

Fundi naye akaacha kucheka. "Amepanda humu mara ya mwisho lini?"

"Zimepita wiki tatu sasa."

"Na kapeti limekauka?"

Mnasikia swali hilo? Wiki tatu mama yuko nyumbani, kapeti limelowa chapachapa, na mwana kila asubuhi anakanyaga pedeli pembeni yake.

Fundi akaweka kipande cha boksi jeupe chini ya dashibodi, akawasha injini, wakasimama wanatazama. Haikuchukua muda. Tone moja la kijani. La pili.

"Ni ile dawa ya kijani uliyotia kwenye maji ya rejeta yasigande," fundi akasema. "Rejeta ndogo ya hita imetoboka. Ndiyo inakuletea ukungu, ndiyo inakumalizia maji, na harufu yake ndiyo hiyo tamu. Kosa la mama yako ni kukaa mbele."

Mtu yule hakungoja gari, alirudi kwa miguu. Akamkuta mama jikoni, midomo imempasuka kwa ukavu. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, kumbe lilikuwa gari."

Mama akauliza, "Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu. Mbona hukuniambia nguo yako ilikuwa kavu?"

"Nilijishika, baba. Mara zote mbili nilijishika, nikakuta pakavu. Lakini nikasema, huyu nimemzaa mwenyewe, hawezi kunitandikia nailoni bure. Nikajua ni mwili wangu unanidanganya. Tangu hapo nimeacha uji, nimeacha chai, maji nagusa jua likizama. Nikasema labda nikikauka atanichukua tena."

Ndugu zangu, sisi tunadhani watu wetu tunawaumiza kwa chuki tu. Huyu alimuumiza mama yake kwa heshima, kwa kumsitiri. Tatizo likitua karibu na mtu, tunasema limetoka kwake. Nyumba haina mtoto, macho yote kwa mke. Nani amempeleka mume kupimwa? Na tukishaamua hatusemi, tunamtandikia mtu nailoni kimyakimya, tunajiona tuna adabu. Na yeye, kwa kuwa anatupenda, anatuamini sisi kuliko ngozi yake mwenyewe. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa kulala.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujala, kaa karibu na huyo uliyekwisha kumhukumu moyoni. Mwulize. Halafu nyamaza, umsikie mpaka amalize.