Mughith na Mali ya Mayatima

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit aliishi fundi wa matandiko ya ngamia aitwaye Mughith bin Dawud. Mkono wake ulikuwa hodari, wala sala hazikumpita. Lakini alikuwa na ila iliyomla kama mchwa: alikopa kwa huyu ili amlipe yule, na kila aliyemdai alimwambia, "Kesho, inshaallah." Kesho hizo zikapita nyingi, hata watu wa sokoni walipotaja jambo lisilotarajiwa kutokea wakawa wakisema, "Hiyo ni inshaallah ya Mughith."

Hali ikafika pabaya. Hakupata mtu wa kumpa hata ukanda wa ngozi kwa ahadi. Alikwenda msikitini kwa vichochoro vya nyuma, akasimama safu ya mwisho, masikio yake yakifuata nyayo za wapitao kuliko kisomo cha imamu. Mlango wake ukibishwa, moyo humruka, naye humwashiria mkewe, Lubaba, aseme kwamba bwana hayupo.

Jioni moja akabisha Bibi Rumaitha, mjane aliyeuza ngozi kwa mtaji ambao marehemu mumewe aliwaachia watoto. Huyu ndiye aliyemdai zaidi ya wote. Lubaba alikwenda mlangoni, kisha akarudi.

"Nimemwambia upo," alisema kwa upole. "Mume wangu, jina la Mola umeligeuza pazia la kujifichia. Mimi siwezi tena kukushikia pazia hilo."

Mughith akatoka. Alitarajia matusi, wala hakutukanwa.

"Ewe Mughith," alisema yule mjane, "ingekuwa mali yangu ningekusamehe. Hii ni ya mayatima, na mimi sina ruhusa ya kuisamehe."

Maneno yale yakamwingia kuliko fimbo. Aliwaza: mauti yakimjia na mali ile ingali shingoni mwake, atasimama vipi mbele ya Mola wake? Kulipokucha akamuuza nyumbu wake, akawazungukia wote waliomdai, akawagawia alichopata. Akawaambia kwamba hatawaahidi tena kesho. Ila kila Ijumaa baada ya sala atamfikia kila mmoja mlangoni pake, na alichoruzukiwa atakitoa. Na akiwa hana, atakuja vilevile kusema hana. Wengine walicheka. Mmoja alitema mate chini akaendelea na kazi yake.

Tangu hapo akawa anashona matandiko makuukuu ya wachukuzi kwa ujira mdogo. Wiki aliyopata, alitoa. Wiki aliyokosa, Ijumaa ilimkaribia kama siku ya hukumu, chakula kikamshinda. Bado alikwenda, akasimama mikono mitupu mbele ya watu. Bibi Rumaitha hakumjibu zaidi ya neno moja: "Nimesikia."

Ukaja msimu mkavu, kazi zikakatika. Binamu yake, Shabib, alikuwa akisafiri na msafara wa Khurasani, akamshawishi wafuatane. Huko, alisema, hakuna amjuaye, na mkewe ataitwa baadaye. Mughith alikataa kwa ulimi, lakini hofu ikamzidi nguvu. Ijumaa hiyo alifunga zana zake kwenye mfuko, akaenda hadi lango la mji. Alipokuwa akiwasubiri wenye ngamia, adhana ikaadhiniwa. Akabaki amesimama, jasho likimtoka, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mwishowe akageuka, akaenda kusali, na baada ya sala akafika dukani kwa mjane, mfuko ungali begani.

"Leo sina kitu," alisema. "Na leo nilitaka kukukimbia. Nimefika mpaka langoni."

Mjane akautazama ule mfuko. Kisha akasema, "Nimesikia."

Haukupita muda, mkuu wa msafara wa mahujaji akaingia Wasit akitaka matandiko mengi kwa haraka. Kazi ya Mughith ilimpendeza, lakini kabla ya kumkabidhi malipo ya awali alitaka mdhamini. Alipouliza sokoni, watu walitazamana wakatabasamu. Mughith akainamisha uso, akiona mlango wa riziki ukifungwa mbele yake.

"Mimi namdhamini," alisema Bibi Rumaitha. "Na ngozi nitampa mimi."

Mkuu wa msafara akastaajabu. "Nimeambiwa bado unamdai."

"Namdai. Lakini siku asiyokuwa na kitu huja mwenyewe kuniambia, na siku aliyotaka kunikimbia alikuja pia akaniambia. Mtu wa namna hiyo sichelei kumpa ngozi."

Mughith akaifanya kazi ile kwa hofu na dua, asiamini kwamba haitaharibika, mpaka mshono wa mwisho. Alipopokea ujira wake, akaanza kulipa mali ya mayatima, kisha wengine mmoja baada ya mmoja, hadi shingo yake ikawa nyepesi.

Ndugu zangu, dawa ya deni ni kulipa, hilo sote twalijua. Lakini kabla ya kulipa kuna siku ngumu za kutokuwa na kitu, na ndizo siku ambazo wengi wetu hujificha. Tumuombe Mola atupe ushujaa wa kutokea mbele ya wanaotudai tukiwa mikono mitupu na ulimi wa kweli, kwani Yeye yu pamoja na wakweli. Amin.