Hodi ya Chapakazi

Paukwa!
Pakawa!
Wale wa nyuma sijawasikia. Mmekuja kusikiliza au mmekuja kusinzia? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa tunaelewana.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bibi Nungunungu. Mkongwe, mgongo umepinda, anaishi peke yake, na kisima kiko mbali. Fundi Nyani, jirani yake, akamhurumia. Akaokota mabati, akaokota nyaya, akagonga, ko! ko! ko! Akaunda roboti, akamwita Chapakazi. Akamfunza adabu:

"Mlangoni kwa Bibi piga hodi mara tatu. Asipoitika, rudi kwangu. Usiingie mpaka mwenyewe aseme karibu."

Kila asubuhi Chapakazi akaenda, tingiri, tingiri, ndoo kichwani.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu!"

Anajaza mtungi, anafagia, anawasha moto. Bibi akanenepa, akacheka. Na majirani? Wakaacha kwenda. "Aa, Bibi si ana Chapakazi? Sisi wa nini?" Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine tumekaa nao hapa hapa.

Asubuhi moja Chapakazi akarudi kwa Nyani na ndoo imejaa pomoni. Fisi, jirani mwingine aliyekuwa amekaa hapo, akaangua kicheko. "Limekwisha hilo bati lako! Lete maji ninywe."

"Nyamaza wewe!" Nyani akaruka wima. "Bibi hajaitika!"

Wakatoka mbio. Lo! Boriti ya paa imeanguka, imembana Bibi kifuani. Pumzi inakatika. Nyani akavuta, hee! Fisi akasukuma, hoo! Wapi! Boriti haikutikisika.

"Chapakazi, ingia!" Nyani akapiga ukelele.

Chapakazi akasimama kizingitini. "Hodi."

"Karibu basi!"

"Hodi." Anamngoja mwenye nyumba.

Nyani akajishika kichwa. "Mjinga mimi! Nimemfunza mwenyewe!" Akapiga magoti. "Bibi, jikaze. Neno moja tu."

Bibi akameza mate. "Karibu... mwanangu."

Tingiri! Chapakazi akaingia, akainua boriti, hup! Bibi akavutwa nje, mzima. Fisi akalia machozi, yule yule aliyecheka.

Siku hiyo Nyani akamfunza Chapakazi upya: "Bibi asipoitika, piga kelele kijiji kizima kisikie, kisha ingia." Majirani nao wakapangiana zamu za kumjulia Bibi hali. Fisi akaomba zamu ya kwanza.

Basi wanangu, nanyi watu wazima mnaojifanya hamsikii: msaidizi wa bati ni neema, mpokeeni kwa mikono miwili. Lakini kumjulia mwenzako hali, hiyo ni kazi yako wewe.

Hadithi yangu imefika hapa, imeketi. Aliye na bibi nyumbani, na ainuke akamtazame.