Vibuyu Viwili vya Dawa ya Amani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakubwa walipokuwa bado hawajajua kuona haya, na sina hakika kama wameshajua, Tembo na Kifaru walikuwa majirani. Kila mmoja alikuwa na kibuyu cha sumu kimetundikwa darini. Sumu kali! Tone moja katika bwawa walilokunywa wote, asingebaki mnyama, mkubwa wala mdogo.

Wakapiga mbiu wote wawili: "Ni marufuku mnyama yeyote kupika sumu! Atakayekutwa nayo tutamkanyaga!"

"Na ile yenu, wakubwa zangu?" akauliza Nguchiro, mama wa watoto sita waliokunywa maji ya bwawa hilo kila siku.

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigapiga. "Yetu si sumu, binti yangu. Ni dawa ya amani."

Siku moja, pale bwawani, wakubwa wakagombania nani atangulie kunywa. Wakatukanana weee! Kifaru akafoka, "Kesho nakuja hapa na kibuyu changu!"

"Njoo! Kwani mimi sina changu?"

Nguchiro akawatazama wanawe. Aliogopa kweli, lakini hakukaa akalia.

Mnajua nguchiro hodari wa nini? Kukamata nyoka. Alasiri ile ile akaenda kwa Tembo na mtungi mtupu kichwani na kiriba cha maji ya ukwaju mgongoni. "Babu Tembo! Nyoka! Nimemwona anaingia darini kwako!"

"Mama yangu weee!" Tembo akatoka, ti! ti! ti! Mlango hakuuona, akapitia ukutani.

Nguchiro akaingia peke yake. "Shika! Huyo! Lo, ana macho mekundu!" akapiga kelele, huku anamimina sumu mtungini, anasuuza kibuyu mara saba na kukijaza maji ya ukwaju. Akatoka anahema. "Nimemtia humu, babu. Utachungulia?"

"Nichungulie nini? Mpeleke mbali!"

Kwa Kifaru mambo yakawa yale yale, ila yeye alikimbilia kichakani na kitanda mgongoni. Sumu yote Nguchiro akaenda kuifukia kwenye shimo refu jangwani, akaliziba kwa jiwe.

Kesho yake wanyama wote walikusanyika bwawani, wanatetemeka. Tembo huyu hapa na kibuyu. Kifaru yule pale na chake. Sasa, kwao ilikuwa mila: anayeleta kinywaji mbele za watu huonja kwanza, kuwatoa wenzake shaka.

"Wakubwa zangu," akasema Nguchiro, "hiyo si ni dawa ya amani? Basi onjeni."

Tembo akakohoa. "Aanze Kifaru."

"Mimi? Mimi nimefunga!"

"Basi wewe, babu."

"Tumbo linaniuma leo."

"Si ndiyo dawa yenyewe!"

Jasho likawatiririka, na hakuna aliyeinua kibuyu. Mara Nguchiro akaruka, hap! akakinyakua cha Tembo. Gluku, gluku, gluku!

"Amekufa! Amekufa!" wanyama wakapiga yowe, wengine wakaziba macho.

Nguchiro akajifuta mdomo. "Ukwaju. Sukari imepungua kidogo."

Kifaru akaangua kicheko. "Kumbe jirani yangu hana kitu! Ha! Ha!"

Kabla hajamaliza kucheka, Nguchiro ameshakidaka na cha kwake. Gluku, gluku! "Na huu pia ukwaju, mjomba."

Kicheko kikakatika. Wakubwa wakatazamana, kila mmoja anawaza: je, mwenzangu akiwahi kupika nyingine?

"Marufuku kupika sumu!" akapaza sauti Tembo.

"Kwa wote!" akadakia Kifaru. "Hata kwako!"

"Na wewe! Na nyumba zikaguliwe! Zikaguliwe na nani?"

"Na Nguchiro!"

"Na Nguchiro!"

"Vizuri," akasema Nguchiro. "Naanza leo, na nyumba zenye dari ndefu."

Nyuma yake wanawe sita walikuwa wameshainamisha vichwa bwawani, wanakunywa.

Nami nakomea hapo, wanangu, na funzo ni hili: anayewakataza wenzake silaha ya kuangamiza wote, aanze kuitoa yake.