Matanga ya Kobe Zinki

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa sufuria ya shaba, na ndani ya shaba hiyo, nchi nzima.

Hapo zamani za kale, nyumba za Nchi ya Shaba zilipangwa kwa safu na hazikuhama. Wakazi wake, sisimizi wa ukoo wa Elektroni, hawakutulia hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kubeba moto kutoka mekoni hadi kwenye uji wa watoto.

Siku moja akahamia Kobe Zinki, mgane aliyemzika mkewe juzi. Kilio chake kilikuwa na mvuto. Sisimizi wa nchi nzima, hata wa mbali, walipinda njia kumwelekea, mizigo ikawaponyoka. Uji ukapoa, watoto wakalala njaa.

Malkia wa nchi hiyo, Mwanatumu, akasema, "Nawapa siku tatu. Uji ukipoa siku ya tatu, Kobe atahama."

Siku ya kwanza sisimizi wakajifanya hawasikii. Wakapinda vilevile. Uji ukapoa.

Siku ya pili wakamwendea wote. Nao wa ukoo ule hawapendi kubanana. Wakasukumana, wakakanyagana.

"Ndugu zangu," Kobe akasema, "mmekuja kunipa pole au kunivunja gamba?"

Wakatawanyika kwa aibu. Moto haukuwa na mbebaji. Uji ukapoa.

Siku ya tatu Kombo, sisimizi mcheshi, akasema, "Matanga gani yale ya jana? Aliyefiwa ni mmoja. Tukae naye kwa zamu, akiingia mmoja atoke mmoja."

Wakafanya hivyo. Kila aliyepita alisogea, akatoa pole, akaenda na moto wake. Karibu na Kobe hapakukosa mtu. Nyuma yao sisimizi wakapungua kidogo, wakajaa kidogo, kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe. Mbali zaidi, njia zilinyooka.

"Shemeji," sisimizi wa mbali akamuuliza mwenzake aliyetoka zamu, "kile kilio kimekwisha?"

"Hakijakwisha. Ana watu."

Uji ukachemka. Malkia akampelekea Kobe bakuli la kwanza. Akaonja, akaonja tena.

"Haukutiwa sukari," akasema.

"Haya," akasema Kombo, "mgeni wetu hahami."

Mpaka leo, mgeni wa namna hiyo akiingia ndani ya shaba, Elektroni humzunguka hivyo.

Funzo lake: aliyefiwa asinyamazishwe wala asisongwe. Akae na watu, kwa zamu, na kazi iendelee.

Nami hadithi naipakua hapa. Uji ungali moto, unyweni.